Tupeane uzoefu: wapenzi wa samani, nguo na nyumba za zamani hapa Tanga, mnaishi navyo vipi?

Kiti cha Mkahawa (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau, hasa mlio Tanga mjini na viunga vyake. Uzi huu ni wetu sisi tunaopenda vitu vya zamani, na ule usasa wa miaka ya 50 na 60 ambao bado tunakaa ndani yake bila kuutambua. Msilete picha za kuokota mtandaoni. Leta kitu kilichomo nyumbani kwako: kilikufikaje, na unakitumiaje.

Naanza mimi. Mwaka juzi mkahawa mmoja wa chai Ngamiani ulifungwa, wenyewe wakatoa vyombo nje. Nikanunua viti vinne. Vilikuwa vya bluu, vikalio vya plaiwudi vimegongomewa misumari ya inchi mbili. Nikageuza kimoja, nikakwangua chini yake kwa kipande cha kioo, mahali padogo kama sarafu. Bluu ikatoka, ikaja kijani, ikaja kahawia, halafu mbao nyeupe yenye vistari vifupi vifupi ambayo si mvule wala mninga. Nikafuata mgongo kwa kidole: miguu ya nyuma na mgongo ni ufito mmoja, umepindwa, hauna kiungo hata kimoja.

Hiyo ni kazi ya mvuke: mbao hulainishwa kwa mvuke ndipo ikapindwa. Mtindo wenyewe ni wa Michael Thonet wa Vienna. Kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vikifunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Ndiyo maana mtindo huu ulisambaa bandari hadi bandari. Vyangu sijaona nembo, kwa hiyo sisemi vimetoka kiwanda gani. Nasema tu kwamba watu walikunywa chai juu yake miaka nenda rudi, na mimi navikalia nikinywa chai kila asubuhi.

Kikalio cha asili kilikuwa cha henzirani, ule ufito mwembamba wa kusukia. Sikuipata, nikatumia kamba nyembamba ya mkonge. Tanga hii mtu atakosaje mkonge! Matundu 72, jioni tatu, vidole vikachubuka. Imekaza mpaka leo.

Angalizo: rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Usikwangue kavu. Lowesha kwanza, funika pua, na watoto wakae mbali.

Cherehani ya Bibi

Hongera dada. Mimi nina Singer ya kukanyaga, niliachiwa na bibi mzaa mama, alikuwa akishonea barazani Makorora. Ukitaka kujua asili ya mashine yako tazama namba kwenye kibati au ubavuni kulia. Yangu inaanza na herufi mbili, ya kwanza E. Hizo zilitengenezwa Clydebank, Uskochi, kiwanda kilichokuja kufungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, mashine inashona.

Nina majuto nayo. Nilipoirithi ilikuwa na utando wa mafuta yaliyokauka, nikataka ing'ae siku hiyohiyo. Nikachukua spiriti na pamba. Kufuta mara mbili tu, pamba ikawa nyeusi, maua ya dhahabu ya upande mmoja yakaondoka nayo. Weusi ule wa zamani una lakiri, aina ya vanishi, na spiriti huiyeyusha. Pale pale palipokuwa pamebaki maua ndipo mkono wa bibi ulipokuwa haugusi. Nililia, sisemi uongo.

Kwa hiyo mwenye mashine kama hii: mafuta ya cherehani na kitambaa laini, basi. Acha yaloweke usiku kucha, ufute taratibu.

Mzee wa Bugaluu

Nawasalimu wanangu. Naona mnazungumzia viti, ngoja niseme habari ya nguo.

Mwezi Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana, ya Umoja wa Vijana wa TANU. Sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Dada yangu alikuwa na sketi moja ya rangi ya chungwa, akaiweka chini kabisa ya sanduku la bati, juu akapanga kanga. Miaka ya 70 zikaja suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. Mimi nikashonesha bugaluu moja, kahawia, imebana mapajani na chini imemwagika mpaka inafagia.

Dada alipofariki tukafungua sanduku. Sketi ipo, na harufu ya karafuu. Mjukuu wangu wa kike akaiomba. Nikampa, akavaa na soksi ndefu za siku hizi, akatoka. Nilikaa barazani nikimtazama mpaka akakata kona. Ile bugaluu yangu nayo naivaa Idi. Nguo ya zamani mkiiweka kwenye mfuko wa nailoni itaota ukungu kwa joto hili la pwani. Itieni kwenye shuka la pamba, muianike kivulini mara kwa mara.

Terazo Chumbageni

Shikamoo mzee, umenigusa.

Mimi ni mpangaji, ghorofa ya kwanza. Mwenye nyumba alikuja na fundi kutaka kuweka tailizi nyeupe juu ya sakafu iliyokuwa imepakwa rangi nyekundu. Nikamwomba wiki moja. Nikaanzia kona ya nyuma ya mlango, kwa brashi na sabuni, kisha msasa wa maji. Chini ya wekundu kukawa na terazo! Vijiwe vyeupe, vyeusi na vya kijani ndani ya saruji, na vipande vyembamba vya shaba vikigawa miraba. Mwenye nyumba mwenyewe alichuchumaa akapapasa. Tailizi zikarudi dukani.

Saa nane mchana, jua la Tanga mnalijua, wanangu wanavua mashati wanalala kifudifudi juu yake. Ni baridi kama mtungi. Ila msisafishe kwa limau wala siki, asidi inakula vile vijiwe na mng'ao unapotea.

Madirisha pia niliyatetea. Ni ya luva. Ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, luva hufunguka yote na upepo wa bahari unapita mpaka jikoni. Waliochora nyumba hizi walijua upepo unakotoka. Tunang'oa kitu kinachofanya kazi kwa sababu tu ni cha zamani, na linaniuma sana. Hata usanifu wetu mkubwa si salama: Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli, na miavuli yake ya zege, liliungua Julai 2021.

Santuri 45

Mimi ninazo santuri chache za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zetu za hapa hapa Tanga. Zisimame wima kama vitabu, zisilazwe, na mbali na dirisha. Moja niliiacha garini adhuhuri ikajikunja kama chapati. Nimeitundika ukutani.

Fundi Randa

Wateja wangu, kabla hamjaingiza samani ndani kung'uteni. Ukiona unga mpya mithili ya unga wa sembe unadondoka kwenye vitundu, huyo ni dumuzi na yuko kazini. Achana na kupaka oili chafu kwenye kitu cha kukalia, itachafua nguo na harufu haiishi. Tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao, tundu kwa tundu kwa sindano, ndipo upige polishi.

Na dada wa viti, kamba ya mkonge uliisuka kavu?

Kiti cha Mkahawa

Niliilowesha kaka, ikikauka inajikaza yenyewe. Hilo nilijifunza kwenye kiti cha pili, cha kwanza kililegea nikakisuka upya.

Cherehani ya Bibi, usiyaguse tena yale maua yaliyobaki. Mzee, asante sana kwa ile sketi.

Kiti cha nne bado kina rangi zake zote. Jumamosi baada ya alasiri nitakitoa barazani. Fundi, karibu, uje na kipande chako cha kioo cha kukwangulia, kamba naloweka Ijumaa usiku.