Apatimenti Upanga au tukae kwa ndugu Kimara? Mzee anaanza mionzi Ocean Road

Mnyalukolo_Kihesa:
Wakuu habari za mihangaiko. Mzee wangu kapangiwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, ni kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, wikendi anapumzika. Sisi wa Iringa. Tuna ndugu Kimara kasema njooni nyumba ipo, ila dada yangu hataki, anasema tuchukue apatimenti hukohuko mjini, Upanga au Kisutu, zile zenye jiko na mtu wa usafi, mzee asisukumane barabarani kila asubuhi. Nimeulizia moja Upanga wananiambia dola 45 kwa usiku, vyumba viwili, "kila kitu kimo". Nikipiga hesabu ya mwezi inapita milioni tatu nikazima simu kwanza. Mliowahi kukaa hizi nyumba, hiyo kila kitu huwa ni nini na nini?

shangazi_wa_mjini:
Poleni na kuuguza. Kimara kwa mgonjwa wa mionzi mimi nakataa. Basi la mwendokasi asubuhi wazima wenyewe wanapitia madirishani, halafu mvua ikichanganya Jangwani inajaa maji barabara inafungwa, na mionzi hairukwi rukwi hivyo. Mwanzoni mzee atakuwa vizuri tu mtaona mnapoteza hela, subirini wiki ya pili ya tatu uchovu ukishaingia, anataka akitoka pale alale, chakula anachagua, leo uji kesho mtori. Hapo ndo utajua jiko lina maana gani. Upanga Mashariki mpaka Ocean Road na bajaji ni muda mfupi sana.

Dalali_Mstaafu:
Nimefanya hii kazi miaka, ngoja nikwambie. Kwanza usikubali bei ya usiku wakati unakaa mwezi, waambie nataka bei ya mwezi, inashuka, tena sio kidogo. Pili hizo dola wakwambie kwa shilingi, kanuni zilishatoka Machi 2025, kutangaza bei kwa dola humu ndani marufuku, wanaoendelea wanajua wanachofanya.

Sasa "kila kitu". Uliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nani ananunua. Hapa ndo watu wengi wanalia, unaambiwa umeme umo, ukifika unakuta umo wa kuanzia tu, units zikiisha juu yako, na joto la Dar kuanzia Desemba mzee wa Iringa atalala na AC usiku kucha. Uliza kama mita ni yenu peke yenu au mmechanganywa na jirani. Halafu jenereta, usiulize kama ipo, uliza inawasha nini, kuna majengo inawasha taa za ngazi tu, lifti hapana na pampu ya maji hapana. Mkiwa ghorofa ya juu umeme ukakatika saa kumi na mbili asubuhi mtambeba mzee mgongoni? Gesi mtungi ukiisha nani anajaza. Usafi ni kila siku au mara moja kwa wiki. Na hela ya depoziti iandikwe, mkiingia piga video kila chumba mpaka vikombe vilivyopasuka.

Usitume hela kwa kuona picha. Huyo ndugu wa Kimara mtume akaione.

kkoo_damu:
Mnamtisha mwenzenu bure, lodge Kariakoo unalala kwa bei ya kawaida kabisa na supu ipo chini hapo hapo

shangazi_wa_mjini:
@kkoo_damu lodge utampikia wapi mgonjwa? Na zile kelele? Acha bana. Kisutu nako sawa, soko lipo pale mboga na kuku unapata, ila mchana ni honi mwanzo mwisho na Jumapili maduka mengi yamefungwa. Kwa mgonjwa Upanga kumetulia zaidi. @Mnyalukolo hela ikibana pitieni ustawi wa jamii hapo hospitali muwaeleze hali yenu, kuuliza si aibu.

Mnyalukolo_Kihesa:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimewaandikia wanipe bei ya mwezi kwa shilingi, wamejibu "tutaongea bosi" kwa hiyo naona nafasi ipo. Umeme wamekiri ni juu yetu, kumbe. Nyumba ipo ghorofa ya nne, nimeuliza lifti wanasema ipo. Kama inafanya kazi hawajasema. Ndugu anaenda kesho jioni.

Dalali_Mstaafu:
Aipande mwenyewe mpaka juu, afungue na bomba la bafuni aone presha. Na akitoka asimuulize dalali, amuulize mlinzi wa getini mara ya mwisho lifti imekufa lini, ampe na hela ya soda.