Gumzo la familia: Defender imekwama kwenye gia ya chini na loki ya difu

Kikundi: Familia ya Lukozi

Rashidi, 15:42
Shikamooni nyote. Mjomba Athumani, naomba msaada wako ukipata nafasi. Nimeshuka na Defender kutoka shambani nikiwa na magunia ya viazi, na kwa sababu ya utelezi nilikuwa nimeweka gia ya chini pamoja na loki ya difu. Nilipoingia kwenye lami nilijaribu kurudisha mkono wa transfa (lile boksi la pili la gia, lenye gia ya juu na ya chini) kwenye gia ya juu, ukakataa. Nikajaribu kuusogeza kulia ili loki iachie, ukakataa vilevile. Taa ya loki inawaka kwenye dashibodi, usukani umekuwa mzito, na nikikata kona matairi yanalia juu ya lami. Nimeegesha pembeni mahali pa tambarare.

Shangazi Zubeda, 15:44
Marahaba, mwanangu. Maadamu wewe mwenyewe u mzima na gari liko nje ya barabara, mengine yatatengenezeka. Mngoje Mjomba, wala usiuvute huo mkono kwa nguvu.

Jumanne (Arusha), 15:47
Pole, Rashidi. Kwenye Land Cruiser tunazoendesha huku mbugani, tatizo la namna hiyo tunalimaliza kwa kurudisha gia kwenye magurudumu mawili na kufungua habu za mbele (vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele). Jaribu kuangalia habu zako kwanza.

Mjomba Athumani, 15:55
Marahaba, Rashidi. Jumanne, ahsante, lakini hapo magari haya mawili yanaachana. Land Cruiser unayoendesha huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake mpaka dereva aunganishe ya mbele, ndiyo maana ina habu za kufungua na kufunga. Defender huvuta kwa magurudumu manne wakati wote. Transfa yake, ile LT230 ambayo Land Rover walianza kuitumia kwenye modeli ya 110 mwaka 1983, ina difu ya tatu katikati, inayogawa nguvu kati ya propela shafti (fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma na kuziruhusu zizunguke kwa kasi tofauti. Loki anayoisema Rashidi huifunga hiyo difu ya katikati, nazo propela mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo hakuna gia ya magurudumu mawili ya kurudia wala habu za kufungua.

Baba Rashidi, 15:58
Shemeji, wanunuzi wananingoja Mombo na viazi hivi. Je, hawezi kuteremka nalo polepole hivyo hivyo lilivyo, halafu fundi akaliangalia kule chini?

Mjomba Athumani, 16:06
Hapana, Shemeji, na naomba tusilijaribu hilo hata kidogo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za lami zenye kona mfululizo. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na difu ya katikati ikiwa imefungwa, tofauti hiyo haina pa kwenda. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na mkazo unaisha wenyewe, lakini kwenye lami tairi limeshika, kwa hiyo chuma ndicho kinachojipinda: propela shafti, meno ya difu na ekseli. Ule mlio wa matairi alioutaja Rashidi ni dalili ya mkazo huo. Isitoshe, gia ya chini ya transfa hii ni 3.32 kwa 1, na ya juu kwenye Defender ni 1.41 kwa 1, maana yake ni kwamba kwa mwendo uleule injini itazunguka zaidi ya mara mbili.

Habari njema ni kwamba mkazo huohuo mara nyingi ndio unaoushika mkono usitoke. Meno yamebanana kwa nguvu, na kadiri unavyovuta mkono ndivyo unavyopinda fimbo zake bila kuyaachanisha. Rashidi, upande wa lami hapo pana kokoto au udongo?

Rashidi, 16:08
Pana kokoto, Mjomba, na nafasi ya kutosha gari mbili.

Mjomba Athumani, 16:12
Vizuri. Washa injini, weka gia ya kurudi nyuma, urudi taratibu juu ya kokoto hizo ukizungusha usukani kulia kisha kushoto, ili gari lijikunjekunje kama nyoka. Safari ile ya kuja mbele imeupandisha mkazo upande mmoja. Kurudi nyuma kunaushusha. Baada ya hapo simama kabisa, kanyaga klachi, subiri kidogo, ndipo ujaribu kuleta mkono kwenye gia ya juu kwa nguvu ya kawaida ya mkono mmoja. Ukikataa, ingiza gia ya kwanza, sogea kidogo sana, kanyaga tena klachi ujaribu. Usiusogeze upande wa loki kwanza. Tushughulikie jambo moja baada ya jingine.

Rashidi, 16:27
Mjomba, imekubali. Niliporudi nyuma mara ya pili ulisikika mlio mzito chini ya sakafu, gari likatikisika, na baada ya kusimama mkono uliingia kwenye gia ya juu bila taabu. Usukani pia umepungua uzito. Lakini mkono bado hauendi kulia na taa ya loki haijazimika. Nimesogea mbele na nyuma juu ya kokoto, haijabadilika.

Jumanne (Arusha), 16:30
Hapo huenda ni swichi ya taa imeganda tu, na loki yenyewe imeshaachia.

Mjomba Athumani, 16:41
Jumanne, wazo lako lina msingi, kwa sababu swichi ile imefungwa kwenye boksi lenyewe, inasukumwa na fimbo ya loki, na ikiharibika hudanganya. Na hata loki ikiwa nzima, taa inaweza kuchelewa kuzimika kwa mita kadhaa, kwa kuwa meno husubiri mkazo uishe ndipo yateleze. Lakini mkono kutokwenda kulia kunanitia shaka kwamba tatizo liko kwenye fimbo zake. Hatuna haja ya kubahatisha, kwani kuna kipimo cha uhakika.

Rashidi, soma hili lote kabla ya kugusa jeki. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma, kwenye dramu iliyo nyuma ya transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile jingine linaweza kuzunguka kupitia difu ya ekseli na gari likaondoka ingawa breki imevutwa. Kwa sababu hiyo utainua gurudumu la MBELE tu, na utaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu mengine yote matatu. Vuta breki ya mkono, weka giaboksi kwenye nyutro, acha transfa kwenye gia ya juu, uzime injini. Inua gurudumu la mbele la kushoto mpaka liachane na ardhi, kisha ulizungushe kwa mikono miwili. Likizunguka, hata kwa uzito, difu ya katikati iko wazi na mwongo ni swichi. Likicheza kidogo tu na kugoma, loki bado imefunga. Na usiingize mwili chini ya gari kwa sababu yoyote ile.

Shangazi Zubeda, 16:43
Rashidi, tafadhali tafuta mtu wa kusimama nawe. Usifanye peke yako.

Rashidi, 17:04
Nipo na kijana wa duka la hapa jirani, Shangazi. Mawe tumeweka yote. Mjomba, gurudumu linacheza upana wa kidole kisha linagonga na kusimama, huku na huku. Halizunguki.

Mjomba Athumani, 17:15
Basi loki imefunga kweli, na taa inasema ukweli. Sasa tutenganishe mkono wa ndani ya gari na boksi, tujue ni upi ulioganda. Fungua vichwa vya mikono miwili ya gia, toa mipira yake, inua mkeka, kisha fungua skrubu za kile kifuniko cha chuma katikati. Ni nyingi na baadhi zitakuwa na kutu, kwa hiyo zipange mahali zisipotee. Ukikiondoa utaiona transfa kwa juu. Fuata mkono wa transfa: utaona fimbo nyembamba inayokwenda kwenye kijimkono kifupi cha chuma, juu ya sehemu ya mbele ya boksi inakotokea propela ya mbele. Hiyo ndiyo fimbo ya loki. Toa kipini chake upande wa boksi, uiachanishe, halafu unieleze mambo mawili: mkono wa ndani unakwenda kulia na kushoto kwa uhuru? Na kile kijimkono cha kwenye boksi kinasogea?

Rashidi, 17:49
Mkono wa ndani sasa uko huru kabisa. Kijimkono cha kwenye boksi hakisogei hata kidogo. Kimezungukwa na udongo mkavu, na pale kiekseli chake kinapoingia kwenye kasha pana unga mweupe.

Mjomba Athumani, 17:58
Unga huo ndio ugonjwa wenyewe. Kasha lile ni la aluminiamu na kiekseli kinachopita ndani yake ni cha chuma. Maji ya matope yakipenya kwenye oringi (mpira wa duara wa kuzuia maji) iliyochoka, aluminiamu hulika, unga wake ukajaa na kukibana kiekseli. Ugonjwa huu huwapata hasa wenye magari ambao hawatumii loki kwa miezi mingi. Ndani ya boksi hakuna kilichovunjika kwa dalili ulizonipa, kwa hiyo atakayekuambia transfa ishushwe, mkatalie.

Safisha udongo wote kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu pale pembeni mwa kiekseli, uyaache yanywe. Usipige kasha kwa nyundo, maana aluminiamu hupasuka. Ukitaka kugonga, gonga kidogo kichwa cha kiekseli kwa mpini wa bisibisi. Kisha shika kijimkono kwa spana, ukivute na kukisukuma milimita chache kila upande, uongeze mafuta, urudie. Gurudumu liache hukohuko juu, kwa kuwa sasa hakuna mkazo kwenye meno. Kijana wako alitikise gurudumu huku na huku taratibu wakati wewe unasogeza kijimkono. Ufunguo wa swichi uweke mahali ambapo taa zinawaka bila injini, ili muione taa ya loki.

Baba Rashidi, 18:01
Nimewapigia wanunuzi, wamekubali kungoja hadi kesho asubuhi. Fanya bila haraka, mwanangu.

Rashidi, 18:36
Taa imezimika! Mwanzoni kijimkono kilikuwa kinasogea kwa kukwaruza, lakini kijana alipotikisa gurudumu kikateleza chote, na gurudumu sasa linazunguka kwa mkono. Nimekisogeza mara nyingi na mafuta yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, sasa yanatoka safi. Nikikifunga taa inawaka na gurudumu linagoma. Nikikifungua taa inazima na gurudumu linazunguka.

Mjomba Athumani, 18:44
Hongera sana, umefanya kazi ya fundi kamili. Rudisha fimbo na kipini chake, shusha gurudumu, toa mawe, kisha uingize na kutoa loki kwa mkono wa ndani ukiwa unatembea polepole juu ya kokoto. Ikitii, rudi nyumbani kwa gia ya juu.

Mafuta uliyoweka yamelegeza tu, hayajatibu. Kesho baada ya Mombo, lifungue lile kasha dogo, ukisafishe kiekseli kwa msasa laini, weka oringi mpya na grisi kidogo kabla ya kukirudisha. Angalia pia oili ya transfa, EP90, ifike kwenye usawa wa bolti ya kupimia gari likiwa tambarare. Tangu hapo ingiza loki na gia ya chini walau mara moja kwa mwezi, juu ya udongo, hata kama huna shida nazo.

Jumanne (Arusha), 18:49
Mjomba, kwa nini asiifungue tu fimbo ile na kuiacha loki wazi moja kwa moja, kama inasumbua hivi?

Mjomba Athumani, 18:56
Kwa sababu siku propela au ekseli moja itakapokatika huko Mtae, difu ya katikati iliyo wazi itapeleka nguvu yote upande uliokatika, gari lisiondoke hata hatua moja. Ukiifunga loki, upande mzima unakufikisha nyumbani.

Rashidi, 19:20
Nimefika nyumbani salama, loki inaingia na kutoka, na usukani ni mwepesi. Mjomba, oringi za kasha hilo nitaulizia kwa kipimo gani dukani?

Mjomba Athumani, 19:24
Usiulizie kwa kipimo. Toa ya zamani uende nayo mkononi, na kabla ya kufungua bolti piga picha ya kijimkono kilivyokaa, utume hapa.