Usiku mmoja hoteli kubwa ya zamani Shangani, Unguja: nilipe au niache?

Fundi_wa_Dom

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu maana nimekwama na mwezi wa kumi na moja unakuja mbio.

Iko hivi. Mwaka 2009 nilipooa hanimuni yetu ilikuwa siku mbili Unguja, gesti ya uchochoroni huko nyuma ya Darajani, feni inalia kama bata na kitanda mguu mmoja umewekewa tofali. Hela ndo ilikuwa hiyo hiyo. Jioni tukatembea hadi Shangani, pale kwenye majumba makubwa meupe yanayotazama bahari, mama watoto akasimama mbele ya mlango mmoja mkuuubwa wenye misumari ya shaba akauangalia weee mpaka mlinzi akaanza kumwangalia yeye, tukaondoka. Hakusema kitu. Ila mpaka leo kwenye tivii ikitokea Zanzibar utamsikia tu "ule mlango".

Mwaka huu tunafikisha miaka 15. Nimekuwa natupia hela kwenye kibubu kidogo kidogo, nina kama milioni moja na nusu ya kila kitu, boti, kula na kulala. Nataka usiku mmoja, mmoja tu, tulale ndani ya yale majumba. Shemeji yangu kasema nimerogwa, hela ya usiku mmoja pale nalala siku nne Nungwi na chenji inabaki.

Sasa naomba kujua, kuna cha maana mle ndani au tunalipia jina? Na mtu kama mimi fundi aluminiamu, mikono imejaa makovu, nikiingia naonekana vipi? Sitaki mke wangu aje aangaliwe tena kama 2009. Matusi sitaki, ushauri nitapokea.

mtoto_wa_shangani

Karibu sana ndugu yangu, na hongera kwa miaka 15, skuhizi si kitu kidogo.

Ujue kwanza unalipia nini. Pale Shangani hoteli kubwa za kwenye majumba ya kale zinazotajwa sana ni mbili. Ya Serena ilifunguliwa 1997 na lile jumba wazee wetu wakiliita Ekstelkomu, ndo likuwa jumba la simu za nje. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja 1879 ukitokea Aden ukaendelea mpaka Durban, kwa hivo habari za huku kwenda Ulaya zikipita hapa hapa petu. Na nyumba iloshikana nalo ni ile ya daktari wa Kichina.

Ya pili ni Mambo Msiige, skuhizi Park Hyatt, wamefungua 2015. Ile ni nyumba ya katikati ya karne ya 19, alijenga tajiri wa Kiarabu wa kina Harthi, na watu husema chokaa yake ilikorogwa kwa mayai, mayai kwa maelfu yakhe, ndo akaiita mambo msiige, yaani hamtaweza. Kama kweli kama si kweli Mungu ndo ajuaye lakini nyumba imesimama. Wakakaa wamisionari wa Kiingereza, akaja balozi wao John Kirk, ikawa hospitali ya Wazungu, baadae ofisi za serikali. Mie nimeingia mle nna miaka saba na marehemu babu kufatilia karatasi, nnakumbuka baridi ya ile sakafu, nshavua ndara naikanyaga kwa makusudi babu ananivuta mkono.

Wengine hatukupenda ilivyopewa mwekezaji, na lile jengo jipya pembeni yake hata UNESCO walilalamika kuwa kubwa mno. Lakini tizama Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, lilikuwa mikononi mwetu wenyewe na 25 Disemba 2020 upande mzima ukaja chini na watu 2 wakafa. Mtu ukiyaweka hayo mawili pamoja roho inauma, hujui umlaumu nani.

Na hiyo misumari ya shaba aloipenda bi mkubwa, asili yake Bara Hindi, huko wasema ilikuwa kuzuia ndovu wasisukume mlango. Hapa ndovu hatuna, ni mbwembwe tu.

Kaka_Makupa

Mimi ni wa Mombasa na Unguja nishaenda mara nyingi kwa harusi za jamaa. Naomba nikuvunje moyo kidogo.

Ukilala pale usiku umefumba macho, na bahari ukiwa umelala huioni. Kinachouzwa pale ni jioni. Shangani inatazama magharibi, jua latua ndani ya maji mbele yako, sasa hilo jua ni bure, na ukitaka kulitazama umekaa kwenye kiti kizuri basi nenda veranda yao saa kumi na moja, agiza chai au juisi ya ukwaju, keti mpaka giza liingie, lipa, ondoka, kalale gesti safi. Mimi na bibi yangu ndivyo tufanyavyo, na picha tunapiga kama tuliolala humo.

La kuangaliwa usiseme. Hoteli moja mji mwengine, sitaitaja, mlinzi alinisimamisha mlangoni "unaenda wapi" na nyuma yangu wakapita Wazungu wanne wamevaa bukta na michanga miguuni asiwaulize kitu. Nilikuwa na buking mfukoni! Nilimwonyesha, akasema sori, lakini chakula cha siku hiyo hakikupita kooni.

Dada_Risepsheni

Kaka Makupa hayo yapo na yanatuaibisha sie tunaofanya kazi hizi. Mimi nimekaa risepsheni za hoteli za Mji Mkongwe miaka tisa kwa hiyo Fundi sikiliza, dawa yake ni kupiga simu kabla. Mgeni ambaye jina lake limeshafika getini hasumbuliwi.

Usibuku kwa mtandao kwanza. Ile bei ya dola unayoiona mle mara nyingi ni ya mtalii, piga hotelini moja kwa moja uulize bei ya wakazi, mtaje ni Watanzania, na siku ya kuingia njoo na vitambulisho vya NIDA vyote viwili maana vitaombwa. Hapo hapo uliza bei ina chai ya asubuhi ndani au la, ina kodi ndani au la, kwa sababu kuna tozo za serikali kwa kila mtu kwa kila usiku na watu wengi huwa zinawakuta wakati wa kuondoka ndo unaona mtu anahesabu noti mara mbilimbili. Waambie pia ni anivesari. Usione haya kusema!! Chumba kikiwa wazi cha juu zaidi wakati mwingine unapewa tu, na hata kisipokuwepo utakuta maua kitandani.

La muhimu kuliko yote, uliza chumba kiko jengo lipi na dirisha linatazama wapi. Hoteli nyingi za kale zina jengo la asili na jengo la kuongezea, na kuna vyumba vinatazama uchochoro. Watu wanalipa, wanafungua pazia, wanakutana na ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

Na usije ukashangaa chumba cha kale kuwa chembamba. Dari za zamani zinashikwa na boriti za mikoko, na mkoko urefu wake una mwisho, kwa hiyo upana wa chumba ni urefu wa boriti basi, hata tajiri awe na hela vipi. Ndo maana vyumba vinakwenda kwa urefu kama behewa. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene hasa, na unapumua, kwa hiyo ukiona rangi imevimba vimba kwenye kona si uchafu, ni chumvi ya bahari inatoka. Waliojaribu kupiga saruji juu yake maji yamekwama ndani na ukuta umeoza.

Novemba ni vuli, mvua inakuja kwa kishindo nusu saa halafu jua. Ni miezi mizuri ya bei. Ungesema Februari wakati wa Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, ningekwambia acha, chumba hupati. Panda boti ya asubuhi, ni mwendo wa kama saa mbili hivi kutoka Dar, mkifika acheni mabegi risepsheni hata kama chumba hakijawa tayari, mzunguke mji, saa nane mnarudi mnaingia. Umelipia usiku mmoja lakini unapata siku mbili.

Kula usile humo usiku. Forodhani ni hatua chache tu.

bwana_chenji

Mkuu milioni na nusu ni bati ngapi hizo. Nasema tu 😂

mtoto_wa_shangani

Bwana chenji bati utazikuta, miaka 15 ya ndoa utaikuta wapi.

Fundi_wa_Dom

MREJESHO

Wakuu samahani kwa kuchelewa, tumerudi wiki iliyopita kazi zikanimeza. Nashukuru wote, hasa Dada Risepsheni, nilifanya kama ulivyosema neno kwa neno. Hoteli siitaji nisije nikaonekana natangaza.

Mke wangu nilimwambia tunaenda msibani Tanga. Tulipofika bandarini Dar akaona foleni ya boti akanitazama, sikusema kitu, akaanza kulia hapo hapo na begi kichwani. Baharini kukachafuka kidogo akatapika mara mbili, mapenzi hayo.

Getini mlinzi, mzee mmoja wa makamo, akasema "karibuni, bwana na bibi wa Dodoma". JINA LILIKUWA LIMEFIKA. Mke wangu hakuingia, alisimama kwanza akaweka kiganja kwenye msumari mmoja wa shaba, akausugua sugua kama anaangalia kama ni dhahabu, halafu akaniambia "wa moto". Jua lilikuwa limeupiga tangu mchana. Miaka yote hiyo nilidhani anachotaka kujua ni ndani kukoje.

Chumba ni chembamba kweli kama behewa. Alilala chali akahesabu boriti, 23, akarudia kuhesabu akapata 24, tukabishana. Mimi kama fundi nilienda moja kwa moja dirishani, hakuna aluminiamu hata ya dawa, mbao tupu, bawaba za zamani, na ukuta mnene kiasi kwamba mama watoto alipanda akakaa pale dirishani miguu ameinyoosha yote na bado nafasi ya kuweka kikombe ikabaki. Hapo ndo alikaa jioni nzima. Kaka Makupa ulisema jua ni bure, ni kweli kabisa, chini ufukweni vijana walikuwa wanacheza mpira na wengine tulipokuwa tunapita Forodhani wanaruka makachu kutoka ukutani, wanapinduka hewani wanaingia majini, nao wanaliona jua hilo hilo bila kulipa hata mia. Lakini wao hawakuwa na lile dirisha bwana.

Usiku tukala urojo na mishkaki Forodhani, juisi ya miwa yenye tangawizi, tukarudi kwa miguu. Alfajiri adhana ikaanza msikiti mmoja ukafuata mwingine na mwingine, tukaamka wote tukakaa kimya. Halafu akatandika kitanda. Nikamwambia mama kuna watu wa kazi hiyo, akasema siwezi kumwachia mtoto wa watu kitanda kimevurugika hivi, akafagia na bafuni kwa taulo. Dada wa usafi alipokuja akatukuta tumekaa kama wageni akauliza hamjalala hapa?

Chai ya asubuhi alikula mahamri matano kwa mbaazi, nilihesabu.

Hela imeisha yote, tumebaki na nauli ya basi na elfu kumi na nne. Shemeji bado hanisemeshi.

Sasa limekuja jingine. Tangu turudi kila siku ni ule mlango, anataka nyumba yetu hapa Dom iwe na mlango wa vile, wa kuchonga, na misumari. Nimemwambia mimi ni fundi aluminiamu watu watanionaje, hasikii. Mwenye kujua seremala mzuri Unguja anisaidie, wa mfenesi unakwendaje na wa msaji unakwendaje, na kusafirisha mpaka Dodoma inakuwaje?

Dada_Risepsheni

Hongera jamani nimelia mimi 😭 Mwambie ni 24, na mimi nachagua upande wake.

bwana_chenji

Mlango wa kuchonga mkuu? Anzisha uzi mwingine na uanze na kibubu kingine.

mtoto_wa_shangani

Fundi njoo inboksi. Wa mfenesi mwanzo, msaji usiuguse mpaka shemeji aanze kukusemesha.