Tupeane uzoefu: sisi wa jani (bangi), gomba (mirungi) na unga (heroini), na hawa vijana wa "dawa za maabara", nani yuko salama?

Mjomba wa Ilala

Wakuu, salaam. Jana usiku natafuta kiberiti kwenye begi la mpwa wangu (19, yuko likizo ya chuo), nikakutana na kapakiti kanang'aa kama ka bublishi, kamechorwa katuni yenye macho makubwa. Ndani majani makavu yaliyosagwa, yananukia manukato. Nikamwita. Hakushtuka hata kidogo. Anasema, "Anko, nyie mnavuta uchafu wa shambani. Hii imetengenezwa maabara."

Mimi nina miaka 47. Gomba nimeanza kidato cha sita, jani tangu 1998, unga nilionja mara moja Kinondoni 2003, nikatapika mpaka nyongo, sikurudia. Sasa huyu mtoto kaniuliza swali moja: "Anko, wewe umetumia miaka yote hiyo na uko hai, mimi nitakufa kwa nini?" Nikakosa jibu. Mliokaa nayo muda mrefu, na mliojaribu hizi mpya, mwageni uzoefu hapa.

Simba wa Yuda

Jani ni mmea wa Mungu. Hizo za maabara ni za Babeli. Mada ifungwe.

Mke wa Mtu Tabata

Mmea wa Mungu umemfanya kaka yangu aongee na nguzo ya Tanesco tangu 2016. Tusidanganyane.

Simba wa Yuda

Dada, hiyo nguzo ilimjibu nini? Huyo alikuwa na lake kichwani kabla ya jani.

Mombasa Raha

Ndugu zangu, hapa kwetu si lazima iwe ya maabara. Mimi ni mtu wa muguka, hiyo mirungi ya majani, miaka kumi na mmoja. Mwaka 2024 gavana akapiga marufuku, na Kilifi wakafuata, korti ikasimamisha, muguka ukarudi barazani kama haukuondoka. Silali. Meno yamekwisha. Nikitaka kulala natafuta bugizi, vidonge vya usingizi, nikiamka natafuta muguka. Mke alinambia, "Wewe siku hizi ni swichi, mara washa mara zima." Sikucheka.

Soba wa Unguja

Unga miaka 14, mitano ya mwisho sindano. Mpwa wako anauliza swali la mtu ambaye hajaona makaburi. Kijiweni kwetu Ng'ambo tulikuwa tisa, tumebaki wawili, na mwenzangu haoni jicho moja. Ukimuuliza yeye atakwambia "nimetumia miaka ishirini niko hai". Kweli, wale saba hawawezi kuja kukujibu.

Halafu hakuna unga wa zamani na unga wa sasa. Kete ni kete, ndani anajua aliyefunga. Nimewahi kujidunga kitu nikalala siku nzima, na nimewahi kujidunga kitu kama chokaa. Mauzauza ni yaleyale ya hicho kipakiti chake, tofauti ni picha ya katuni tu.

Mswahili wa Leicester

Nilikuwa napita tu, ila neno "maabara" limenifukua kaburi.

2009 nilikuwa Leicester, Uingereza, nafanya zamu ya usiku kiwanda cha sandwichi. Wakati ule mefedroni, unga wa kulevya wa maabara, ilikuwa halali. Unaingia dukani mchana kweupe, pakiti imeandikwa "mbolea ya mimea, si kwa matumizi ya binadamu", unalipa, unapewa na risiti. Risiti, jamani! Tukaona huu ndio ustaarabu, kitu kina risiti kitamdhuru nani? Pua zinaungua, taya zinasaga, usiku wa tatu unasikia watu wanakusema nje ya dirisha na uko ghorofa ya nne. Aprili 2010 serikali ikapiga marufuku. Muda si mrefu duka lilelile lina pakiti nyingine, rangi nyingine, jina jingine. Ndivyo mchezo ulivyokuwa: mkemia anabadilisha kitu kidogo tu, sheria inabaki inatafuta jina lake.

Basi tukahamia Spice, majani makavu yenye kemikali za maabara, kama hayo ya mpwa wako. Baridi ya 2012, mimi na jamaa wa Tanga tuliyemwita Bwana Harusi, tuko jikoni. Tulikuwa tumeivuta pakiti yenye jina hilohilo wiki nzima, hakuna shida. Nikavuta mbili. Ya tatu sikumbuki kuitoa. Nikasikia mama ananiita kutoka Korogwe, ananiita kwa lile jina la utotoni, na nikajua kabisa kwamba nimekufa na huko ndiko wanakoitia watu. Kiswahili kilinitoka, Kiingereza kilinitoka. Naona mkono wangu mezani lakini si wangu.

Bwana Harusi kasimama mbele ya friji, mlango wazi, mikono inaning'inia, maziwa yanamwagika miguuni, hageuki. Taa ya friji inammulika usoni. Halafu akaanguka kama mnazi, akaanza kutetemeka, povu. Simu iko sentimita thelathini kutoka kwangu. Nikaiangalia. Niliiangalia, nadhani, miaka. Saa ya ukutani baadaye iliniambia ni dakika nane.

Wa ambulensi waliponiuliza kavuta nini nikawapa pakiti. Yule mama akaitazama akasema jina la juu halimsaidii, ndani wanabadilisha kila mara. Figo zikagoma, akawekwa mashine wiki mbili. Yuko hai. Lakini ananiita kwa jina la kaka yake, na nikimsahihisha anaomba radhi, kesho anarudia.

Chai Rangi

Hii chai ina tangawizi nyingi. Figo na bangi wapi na wapi?

Kipara cha Moro

Endelea mkuu! Bwana Harusi alioa?

Mswahili wa Leicester

Chai Rangi, njoo inboksi nikupe namba ya mke wake uongee naye. Na sikusema bangi. Soma.

Dada wa Tandika

Kaka yangu alikuwa gerezani miezi kumi na nne. Hakupata unga humo. Alitoka Alhamisi, amenenepa, anacheka, kala ubwabwa sahani mbili. Ijumaa usiku akaenda kwa wenzake akapiga kipimo chake kilekile cha zamani. Jumamosi tulizika.

Kipara cha Moro

Mswahili, lakini hapo kwenye friji ilikuwaje hukuweza hata kupiga kelele?

Chai Rangi

Nasubiri sehemu ya pili, ya majini.

Mfamasia Mstaafu

Nyie mnaoshangaa figo, ngojeni. Pole sana Dada wa Tandika, hilo lako ndilo nililoliona mara nyingi zaidi, na watu wamelipita kama hawajalisoma. Mwili ukikaa bila unga unasahau kuuvumilia. Kipimo cha jana kinakuwa sumu ya leo.

Sasa hiyo Spice. Moja ya kemikali zake za mwanzo inaitwa JWH-018, na JWH ni herufi za jina la profesa wa Marekani, John W. Huffman wa chuo kikuu cha Clemson, aliyezitengeneza kwa utafiti tu. Mwaka 2008 wataalamu wa Ujerumani wakaikuta kwenye pakiti za "ubani". Bangi inabonyeza kitufe kwenye ubongo, lakini nusu tu. Hizi zinakibonyeza mpaka mwisho, na kadiri sheria inavyofukuza moja, inakuja nyingine kali zaidi. Ndiyo maana unaona degedege, moyo, na figo. Zaidi ya hapo, ni kimiminika kinanyunyiziwa juu ya majani makavu, wakati mwingine kwa mashine ya kuchanganyia zege. Kona hii ya pakiti imelowa, ile haijalowa. Pakiti moja, mtu mmoja anacheka, mwenzake yuko sakafuni.

Na kuhusu "imetengenezwa maabara": California, 1982, vijana walinunua "heroini ya maabara". Mpishi alikosea hatua, ikatoka kitu kinaitwa MPTP. Wakaganda. Vijana, lakini wamekakamaa kama wazee wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, hawawezi kuongea wala kumeza vizuri. Haikurudi. Maabara maana yake ni mahali tu, haisemi nani yuko ndani.

Simba wa Yuda

Mfamasia kasema mwenyewe jani linabonyeza nusu. Asante mzee.

Mfamasia Mstaafu

Nusu kwa miaka 25 nayo ni hesabu, kijana. Na kama kwenu kuna historia ya uchizi, usiguse kabisa.

Mlevi Mstaarabu

Mimi ni bia tu. Nawaonea huruma.

Nesi Kidoti

Mlevi Mstaarabu, wewe ndiye ninayekuhofia. Mimi nahudumia watu wa methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye unga (hapa nchini ilianzia Muhimbili 2011, sasa iko mikoa kadhaa). Arosto ya unga, yaani mateso ya kuukosa, inatesa, unaharisha, unatamani kufa, ila kwa kawaida yenyewe haiui. Arosto ya pombe ya kila siku, na ya vidonge vya usingizi kama hiyo bugizi ya kaka wa Mombasa, hiyo ndiyo inaua kwa degedege. Kwa hiyo Mombasa Raha usiache bugizi ghafla kwa hasira. Nenda upunguziwe taratibu.

Mombasa Raha

Asante dada. Nilikuwa nimepanga kuacha Ijumaa, zote mbili.

Nesi Kidoti

Usifanye hivyo!

Mkaka wa Keko

Akizidisha mtu mnampa maziwa, anaamka. Nimeona kwa macho.

Babu Kiduku

Maziwa ya nini, maji ya barafu kwenye korodani.

Soba wa Unguja

Kwetu tulikuwa tunawadunga maji ya chumvi. Wengine waliamka tukajisifu. Wasioamka tuliwaacha mlangoni kwa mama zao tukakimbia. Sina la kuongeza.

Nesi Kidoti

Maziwa yanaingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi ni sindano chafu nyingine. Kama hapumui vizuri: mwinue kidevu, mpulizie pumzi mdomoni, mwite mtu mwenye usafiri. Akipumua ila hajitambui, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, na usimwache peke yake. Naloksoni ikiwepo inarudisha pumzi za aliyezidisha unga. Kwa hicho kipakiti cha katuni haisaidii kitu. Na hospitali semeni ukweli ametumia nini, hatuiti polisi, tunatafuta dawa.

Chai Rangi

Hamuiti polisi, ehe.

Mjomba wa Ilala

Nimesoma yote. Dada wa Tandika pole, nimekaa na ujumbe wako muda mrefu. Swali la haraka: hiki kipakiti ninacho mfukoni sasa hivi, nakifanyaje?

Babu Kiduku

Choma moto.

Mfamasia Mstaafu

Usichome! Utavuta wewe na majirani.

Mkaka wa Keko

Peleka polisi.

Chai Rangi

Peleka polisi halafu ueleze kwa nini kiko mfukoni kwako. Tutakuletea ubwabwa.

Kipara cha Moro

Nitumie mimi nikufanyie utafiti. Natania. Mwaga chooni.

Mjomba wa Ilala

Nimemwaga chooni, mpwa anaangalia. Nimemsomea ile ya Bwana Harusi yote, alinyamaza kwenye friji. Nikafikiri nimeshinda. Halafu akaniuliza, "Sawa anko. Na lile gomba lililofungwa kwenye gazeti, kwenye friji ya bibi, tunalimwaga saa ngapi?"

Sijamjibu mpaka sasa.

Babu Kiduku

La Same hilo au la Kenya?