Rubli 5 ya mrusha nyundo (1979): nitajuaje kama ni ya madini ya fedha kweli?

mdadisi_sarafu
Wakuu, habari za humu. Nina rubli 5 ya Umoja wa Kisovieti yenye mrusha nyundo, ile ya Olimpiki ya Moscow. Imeandikwa 1979 ilhali michezo ilikuwa 1980. Mizani ya jikoni inasoma gramu 17, na pembeni kuna utando wa kijani unaonata. Ni halisi? Na huo utando unatokaje?

mizani_haidanganyi
Mwaka usikutie shaka. Sarafu hizi za Olimpiki zilitolewa kuanzia 1977 hadi 1980, aina 28 za fedha: 14 za rubli 5 na 14 za rubli 10. Ya nyundo ni ya 1979. Kwa hiyo asikuuzie mtu kwa bei ya juu eti ni ushindi wa Yuri Sedykh, Msovieti aliyeshinda kurusha nyundo kule Moscow. Mita zake 81.80 alizirusha 1980, sarafu imeshatoka.

Mizani ya jikoni iache, inaruka gramu nzima nzima. Tafuta inayosoma hadi gramu 0.01. Unatafuta gramu 16.67, kipenyo milimita 33. Fedha ni asilimia 90, yaani gramu 15 safi.

Halafu pima kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavuni. Halisi inasoma karibu gramu 1.62. Feki ya mchanganyiko wa shaba na nikeli kwa uzito uleule husoma kama 1.87, kwa kuwa ni nyepesi kuliko fedha na huchukua nafasi kubwa zaidi. Sumaku haitakusaidia sana: fedha haivutwi, lakini hata shaba haivutwi.

kioo_mara10
Utoe utando kwanza ndipo upime. Huo wa kijani unatokana na plastiki laini ya PVC ya vifuko vya kuhifadhia sarafu. Ikichakaa hutoa asidi inayokula shaba iliyomo. Loweka kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, dakika kumi hivi, mbali na moto, dirisha wazi. Badilisha asetoni, suuza tena, iache ikauke yenyewe. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha usitumie, ina mafuta na manukato. Na USISUGUE! Kama ni prufu, ile yenye uwanja unaong'aa kama kioo, kitambaa tu kinaacha mikwaruzo isiyofutika. Dawa ya meno ndiyo kabisa.

Weusi wa kawaida uache. Asetoni haiutoi, na dawa za kuchovya zinauondoa pamoja na ngozi ya juu ya sarafu.

Ukiwa na lenzi, angalia waya wa nyundo (nyundo ya michezo ni tufe lililofungwa kwenye waya). Mstari mwembamba kama huo ukiwa umevimba au umejaa vishimo, shuku sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu.

mdadisi_sarafu
Utando umetoka, asanteni. Uzito 16.66, lakini kwenye maji nimepata 1.70. Feki?

mizani_haidanganyi
Bado usiihukumu mkuu. Umetumia uzi wa pamba? Huo unashika hewa, na viputo vilivyoganda kwenye sarafu vinapandisha namba. Tumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, wa nailoni, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji, tikisa sarafu ikiwa ndani, rudia mara tatu. Ikigoma kushuka chini ya 1.65, ipeleke ikapimwe kwa mashine ya eksirei ya kutambua madini.