Udhuru wa Mama Zuhura: gumzo la kikundi cha majirani, Pumwani

Kevo (Katibu): Hamjambo wapendwa. Kumbukumbu za kikao cha Jumapili ziko tayari. Waliohudhuria ni 14. Mama Zuhura hakufika, kisingizio chake kilipokelewa saa kumi na robo, kikao kikielekea kwisha. Kwa mujibu wa kifungu cha 6 cha kanuni zetu atalipa faini ya shilingi 200. Aliye na marekebisho aseme kabla ya kesho jioni.

Baba Njeri (Mwekahazina): Asante Katibu. Mama Zuhura, ukipata nafasi tuma kwa namba ya chama.

Mama Zuhura: Nimesoma. Shilingi 200 ninazo, hata sasa hivi naweza kutuma. Kilichoniuma ni hilo neno. Kisingizio?

Kevo (Katibu): Mama, sikuwa na nia mbaya. Nilimaanisha tu kwamba ulitoa sababu.

Mama Zuhura: Jumapili saa nane mama mkwe alianguka akitoka bafuni. Presha ilikuwa imepanda, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Tulimbeba kwa blanketi mpaka barabarani, mimi nimevaa ndara moja yangu na moja ya mtoto. Simu ikazima njiani. Nilipopata chaji kwa mama wa duka la dawa pale nje ya hospitali, kitu cha kwanza kuandika kilikuwa ujumbe wenu. Hata mume wangu sikuwa nimempigia. Halafu naamka leo nasoma kisingizio.

Shiro: Wuui. Pole sana mama. Hatukujua ilikuwa hivyo.

Mama Mwende: Pole mama Zuhura. Yuko wadi bado?

Mama Zuhura: Bado. Anatambua watu, lakini kuongea ni kwa shida.

Bi Fatuma: Mungu ampe shifaa. Nitapita jioni na chakula cha watoto, usipike.

Mwalimu Kombo: Mama Zuhura, pole sana. Kevo mwanangu, nimekusoma na najua huna ubaya, lakini neno hili tusilipite hivi hivi. Ulipoandika kumbukumbu shuleni, mwalimu alikufundisha vichwa gani?

Kevo (Katibu): Waliohudhuria. Waliotuma udhuru. Waliokosa bila udhuru.

Mwalimu Kombo: Umeona? Hata mtihani haukuwahi kuwa na kichwa cha "waliotuma visingizio". Hebu litazame neno lenyewe. Kisingizio kimetoka katika kusingizia. Ukimsingizia mtu wizi, umembandika kosa ambalo si lake. Kwa hiyo ukisema fulani katoa kisingizio, umeshamhukumu: unasema amechukua lawama yake akaitwika kitu kingine. Sababu haina hukumu ndani yake. Hata mwizi ana sababu. Udhuru ni sababu ambayo wenzako wakiisikia wanasema, naam, hata mimi ningekosa.

Mama Mwende: Ndiyo ile methali, mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Na mimi ni wa Makueni, mbaazi naijua. Mahindi yakikauka shambani yote, mbaazi bado imesimama. Jua ndilo inaloliweza kuliko mimea mingine! Ndiyo maana aliyeitunga hakusema mahindi. Mahindi yakilaumu jua, huo ni udhuru.

Mwalimu Kombo: Mama Mwende, nimefundisha methali hiyo miaka mingi na sikuwahi kuwaza juu ya mahindi. Nimeipenda.

Shiro: Mwalimu, basi mimi niseme ukweli. Jumapili nilifika saa kumi kasorobo nikasema ni msongamano wa Jogoo Road. Msongamano ulikuwepo, sikudanganya. Lakini nilitoka Donholm saa tisa na dakika kumi, na kikao kilikuwa saa tisa kamili. Hiyo ni nini?

Mwalimu Kombo: Hicho ndicho kisingizio, binti yangu, na asante kwa kusema. Watu hudhani kisingizio lazima kiwe uongo. Magari yalikuwepo kweli, ila siyo yaliyokuchelewesha. Uliyabebesha mzigo usio wao.

Baba Njeri (Mwekahazina): Mimi nina swali. Luka 14, wale walioalikwa karamuni. Mmoja kanunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, mwingine kaoa. Biblia inasema walitoa udhuru. Na tunajua hawakutaka tu kwenda. Sasa?

Bi Fatuma: Anayetoa huuita udhuru siku zote, Baba Njeri. Nani atasema "nimekuleteeni kisingizio"? Anayepokea ndiye anayeupima. Mwenye karamu alikasirika, maana yake hakuukubali. Na sisi kamati haikuupima wa Mama Zuhura. Iliangalia saa tu.

Bi Fatuma: Kwetu Lamu neno hili lina heshima kubwa. Mgonjwa na msafiri wana udhuru wa kutofunga Ramadhani, na hakuna wa kuwanyooshea kidole. Lakini siku zile watazilipa baadaye. Udhuru huondoa lawama, deni hubaki. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi Mama Zuhura alituma mchango wake akiwa bado hospitalini. Mwekahazina unajua.

Baba Njeri (Mwekahazina): Ni kweli, ulifika saa moja na nusu asubuhi. Basi natoa rai, Mama Zuhura aombe msamaha kwa kamati, faini ifutwe, tuendelee.

Mama Zuhura: Baba Njeri, kwa heshima, hapana. Nikiomba msamaha nimekubali kuna kosa nililofanya. Lipi? Afadhali nilipe hizo 200 kuliko kuomba msamaha wa kumpeleka mama hospitalini.

Mwalimu Kombo: Yuko sawa. Anayeomba msamaha husema "nimekosa, nihurumieni". Anayekata rufaa husema "mmekosea kunihukumu, na wa juu yenu atazame". Njia hizi mbili hazikutani. Mama Zuhura akitaka, aikate rufaa kwa wanachama wote, kwa sababu kamati ndiyo iliyotoza na wanachama wako juu ya kamati.

Shiro: Rufaa si ya kortini tu?

Mwalimu Kombo: Neno limetoka Kiarabu, asili yake ni kuinua. Jambo linapandishwa ngazi. Aliyeshindwa Mahakama Kuu huipandisha kesi Mahakama ya Rufaa. Na mgonjwa akishindikana hospitali ndogo hupelekwa hospitali ya rufaa. Ni neno lile lile.

Mama Zuhura: Mama yuko hospitali ya rufaa. Tulianzia kliniki hapa chini, wakatuandikia barua twende. Sikuwahi kuyaunganisha maneno haya mawili.

Mama Zuhura: Basi nakata rufaa kwenu nyote.

Mama Mwende: Mimi nasema faini ifutwe.

Shiro: Ifutwe. Na mimi niandikiwe ya kuchelewa, kama ipo.

Bi Fatuma: Ifutwe. Na Baba Njeri, rai yako tuliisikia, si vibaya. Rai ni maoni, unaiweka mezani na mtu ana hiari ya kuiacha. Ungesema "nakusihi" ingekuwa mzigo mwingine. Ukimsihi mtu umejishusha mbele yake, kukukatalia kunamuwia vigumu. Ulichagua neno zuri.

Baba Njeri (Mwekahazina): Asante Bi Fatuma. Ifutwe. Na kifungu cha 6 kiongezwe kwamba kamati imsikilize mtu kwanza kabla ya kutoza.

Kevo (Katibu): Nimehesabu, tumefika 11 waliosema ifutwe, pamoja na walioniandikia pembeni. Imefutwa.

Mama Zuhura, neno "samahani" nalitumia hata nikipenya kwenye matatu, kwa hivyo hapa halitoshi. Niwie radhi. Niliandika haraka na sikukuuliza kilichotokea.

Mama Zuhura: Radhi unayo, Kevo mwanangu. Ulivyonisaidia na mitungi ya maji mwezi uliopita sijasahau.

Kevo (Katibu): Nimerekebisha. Sehemu ya pili sasa inasomeka hivi:

*Waliotuma udhuru: Mama Zuhura (alimpeleka mgonjwa hospitalini). Udhuru ulipokelewa na kukubaliwa na wanachama.*

Mwalimu Kombo: Vizuri. Saa za kumwona mgonjwa ni ngapi? Mimi na Bi Fatuma tunataka kuja kesho.

Mama Zuhura: Saa sita hadi saa saba, na jioni saa kumi. Njooni mchana, ndipo huwa macho. Leo uji ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Ulimwagika kidogo, lakini alikataa nimsaidie.