Ushauri: nipange vipi vifaa vya upimaji ardhi kwenye Hilux dabo kabini?

MpimaWaNala
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa wapima wenzangu na mafundi mnaofunga magari ya kazi. Ofisi yetu ni ndogo, ipo Dodoma. Kazi kubwa ni viwanja na mashamba: leo Nala, kesho Chamwino, mara Manyoni. Tumepata Hilux dabo kabini, bodi la nyuma tupu kabisa. Kwa sasa kila kitu tunatupia humo na kufunika turubai. Tukifika saiti, muda mwingi unaishia kufukua: nyundo iko chini ya saruji, prizma (kioo cha kurudisha mwale wa mashine) imefukiwa na kamba.

Tunabeba mashine moja (totali stesheni, ya kupimia pembe na umbali), RTK (vipokezi vya setilaiti vya kupimia mahali) yenye besi ya kusimama na rova ya kutembea nayo, tripodi tatu (stendi za miguu mitatu), fimbo za prizma, betri ya gari ya volti 12 kwa ajili ya redio ya besi, nondo za bikoni (alama za mipaka), saruji, ndoo, sururu, chepe, mapanga, rangi ya kupuliza na dumu la maji. Watu ni wanne, wakati mwingine watano.

Nimependekezewa kanopi ya faiba, au sanduku la chuma la kufungwa nyuma ya kabini, au droo mbili ndefu za marini bodi (plaiwudi inayohimili maji). Pesa haitoshi kufanya yote. Nianzie wapi?

TimaziMoja
Mkuu, kabla hujachagua, toa mashine na RTK kwenye hesabu ya bodi. Hivyo havipandi nyuma, hata kanopi iwe ya bei gani. Mahali pake ni kiti cha nyuma: sanduku lilale juu ya sponji nene na mkanda wa kiti upite juu yake. Watu wakiwa watano, mmoja atafutiwe usafiri mwingine siku hiyo.

Springi za nyuma za Hilux zimetengenezwa kubeba mzigo mzito. Gari likiwa jepesi nyuma, kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo bodi linaruka kuliko kabini. Mtikisiko huo hauvunji lensi kwa siku moja. Unalegeza skrubu na kusogeza marekebisho ya mashine polepole, mpaka unashangaa pembe hazifungi. Jenga tabia ya kukagua mwanzo wa wiki: lenga alama moja ya mbali kwa uso wa kushoto, kisha uso wa kulia (darubini ikiwa imepinduliwa). Pembe za mlalo zitofautiane nyuzi 180, za wima zikijumlishwa zifike 360. Kosa likianza kukua wiki hadi wiki, simamisha kazi urekebishe.

Halafu jua. Mashine nyingi mwisho wake wa kufanya kazi ni nyuzi joto 50, na gari lililofungwa vioo juani linapita hapo bila shida. Tafuta kivuli, funika sanduku kwa shuka jeupe. Betri za lithiamu usiziache kwenye dashibodi kamwe.

FundiChumaKizota
Naongea kama fundi. Sanduku la chuma ni zuri kwa vitu vizito, ila liwekwe kwa akili. Nondo, saruji na maji vikae mbele, vimeegemea ukuta wa kabini. Ukiviweka nyuma ya ekseli, gari linainua pua na usukani unakuwa mwepesi, hasa kwenye mchanga. Piga hesabu mwenyewe: nondo ya milimita 12 ina karibu kilo 0.9 kwa mita. Vipande 100 vya sentimita 45 tayari ni kilo 40, na mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Bado watu na dumu la maji.

Usikubali sanduku lichomelewe kwenye bodi. Lifungwe kwa bolti zenye washa pana, siku ukitaka bodi lote ulitoe. Chini acha matundu madogo ya kutolea maji. Kwenye mfuniko weka mpira kama ule wa mlango wa gari.

Na kwa kanopi, wengi wanadhani vumbi litakwisha. Gari likitembea, hewa ya nyuma inavuta vumbi na kulirudisha kupitia mlango wa bodi. Ziba pembeni na chini ya mlango huo kwa mpira kwanza, hata kabla ya kununua kanopi. Ni kazi ndogo na matokeo yake utayaona siku hiyohiyo.

DadaPrizma
Kaka, mimi nipo upande wa droo, na sababu ni mpangilio wa kazi wenyewe. Saiti haianzi na saruji, inaanza na tripodi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kushuka kiwe cha kwanza kufikiwa mlango ukifunguliwa. Droo ya kushoto: tripodi na fimbo. Droo ya kulia: nyundo, misumari, rangi, kamba, tepu, mapanga yakiwa ndani ya ala zake. Juu ya droo panabaki uwanja wa ndoo, sururu na chepe.

Prizma zitenge kwa konstanti yake (milimita za kusahihisha umbali). Kama ofisi ina za 0 na za -30, kila aina iwe na kisanduku chake chenye rangi tofauti, na namba iandikwe kwa maandishi makubwa. Zikichanganyika kwenye mfuko mmoja, kibarua anakushikia yoyote, na milimita 30 zinaingia kwenye umbali bila mtu kujua. Kwangu hii ni sababu kubwa ya kupanga gari kuliko hata kuokoa muda.

Ndani ya mlango wa bodi bandika orodha ya vifaa iliyofunikwa nailoni. Mnapofunga kazi, mtu mmoja asome, mwingine aguse kifaa chenyewe. Jioni watu wamechoka, na panga au traibraki (kitako cha kufungia mashine juu ya tripodi) inabaki porini.

MzeeWaLevo
Vijana, shikamoo zenu nimezipokea. Kwa ofisi ndogo siafikiani na droo. Gari hilohilo kesho litabeba kokoto, keshokutwa litahamisha meza za ofisi. Droo zikishafungwa, bodi limekufa kwa kazi nyingine. Tena reli zikiingia vumbi la Manyoni zinakwama, mnabaki mnavuta wawili wawili. Nunua makreti ya plastiki yenye mifuniko, yafungwe kwa mikanda ya kukazia kwenye pete za bodi. Kreti la vifaa vya bikoni, kreti la zana, kreti la kamba na rangi. Unashusha unalolihitaji unaondoka nalo hadi kwenye kona ya shamba, maana gari haifiki kila kona.

DadaPrizma
Mzee, marahaba haijafika kwangu bado, shikamoo. Hoja ya kona ya shamba nakubaliana nayo kabisa. Lakini tripodi haziingii kwenye kreti, na zikilala wazi miguu inagongana mpaka vifungo vinalegea.

MzeeWaLevo
Marahaba mwanangu. Kwa fimbo za rova na za prizma chukua bomba la maji taka la inchi 4, upande mmoja uzibwe, upande wa pili uwe na mfuniko wa kufungua. Likazwe ubavuni mwa bodi. Tripodi zipewe boksi moja tu refu la mbao, si mfumo mzima wa droo.

Mpwani76
Kwa sisi wa Bagamoyo ongeza chumvi: bawaba na kufuli za chuma zinaliwa haraka, paka rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya kona. Na mashine ikinyeshewa, usiifungie kwenye sanduku lake. Ifute, iache wazi chumbani usiku kucha ikauke, sponji ya sanduku nayo ikauke. Gesti mashine inalala na wewe, si kwenye gari.

MpimaWaNala
Wakuu, Mungu awabariki. Nimeamua hivi: mpira wa mlango wa bodi kwanza, makreti, boksi moja la mbao la tripodi, na bomba la fimbo. Mashine na RTK kiti cha nyuma. Sanduku la chuma tutalifanya tukilipwa kazi ya Chamwino. Mawili yamebaki: boksi la tripodi liwe na urefu gani, na ile betri ya besi ikae wapi?

FundiChumaKizota
Bodi la dabo kabini ni kama mita moja na nusu, tripodi nyingi zikifungwa ni mita moja na kidogo. Lakini pima yako ndefu kuliko zote, miguu ikiwa imerudishwa ndani, ongeza sentimita 5 za sponji kila upande, ndipo ukate ubao. Marini bodi ya milimita 18, karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha. Skrubu, si misumari.

Betri ya besi weka kwenye beseni gumu la plastiki, isimame wima, ifungwe mkanda, vichwa vyake vifunikwe mpira ili nondo isije kuviunganisha. Ikae bodini mbali na boksi la tripodi. Ndani ya kabini hapana, kwa sababu ya tindikali na gesi yake wakati wa kuchaji. Ukitaka kuichaji safarini, waya utoke kwenye betri ya gari lenyewe na fyuzi iwe karibu kabisa na betri hiyo ya gari. Njoo na gari Jumamosi asubuhi nikuoneshe waya upite wapi.